Aliyetolewa Bandama Achanjwe Kabla Hajatoka Getini

Mazungumzo ya leo yanahusu kiungo ambacho wengi wetu hukisikia kikitajwa pale tu kinapovimba au kinapopasuka: bandama, ambalo baadhi yenu mnaliita wengu. Nataka tuwazungumzie watu ambao bandama lao halipo, au lipo lakini limeacha kufanya kazi, na chanjo wanazostahili kupewa na ambazo wengi wao hawapewi.

Kijana wa bodaboda anagongwa. Anaangukia ubavu wa kushoto, anaburuzwa kidogo, anainuka, anasema hajaumia. Nusu saa baadaye macho yanaingiwa na giza. Anafikishwa hospitali akiwa amepauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tumbo limejaa damu. Wanampeleka chumba cha upasuaji, wanakuta bandama limepasuka vibaya, hawana njia ila kulitoa. Wameokoa maisha yake na wanastahili shukrani zote. Baada ya siku kadhaa mshono unaonekana mzuri, anaruhusiwa. Ndugu zake wanamalizana na dirisha la malipo, anapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kutolewa nyuzi. Kwenye karatasi ya ruhusa kuna neno moja la kitabibu, limeandikwa kwa mwandiko ambao hata mwalimu wa kijijini kwao hawezi kuusoma. Neno hilo ndilo linalosema kwamba kijana huyu anarudi nyumbani bila bandama.

Miaka mitatu inapita. Asubuhi moja anaamka na homa na baridi. Anasema ni malaria, anapita duka la dawa, anameza vidonge, anajifunika shuka. Jioni anatapika. Usiku maneno yanaanza kupotea, miguuni yametokea mabaka ya rangi ya zambarau. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili wanachimba kaburi. Msibani wengine wanasema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine wananong'ona kuhusu majirani. Ule upasuaji hakuna anayeukumbuka.

Simzungumzii mtu mmoja ninayemfahamu. Nazungumzia njia inayojulikana kitabibu, hatua kwa hatua, na inayoweza kuzibwa kwa sindano chache. Ndiyo maana inaniuma.

Tuangalie kwanza bandama lenyewe. Limejificha chini ya mbavu za kushoto, nyuma ya tumbo la chakula. Kwa mtu mzima lina ukubwa wa ngumi na uzito wa karibu gramu 150. Damu hupita humo tena na tena, usiku na mchana, na kazi ya bandama ni kuikagua. Humo damu hulazimika kwenda taratibu, katika vijia vyembamba mno, kama mchele unavyopita mbele ya macho ya mama anayeuchambua kwenye ungo. Chembe nyekundu iliyozeeka inatolewa. Chembe yenye kasoro inasafishwa na kurudishwa njiani. Na bakteria aliyejipenyeza kwenye damu ananaswa.

Sasa, bakteria hawalingani. Wapo waliojivika utando wa sukari unaoteleza, na utando huo huwafanya askari wengine wa mwili washindwe kuwashika. Mpaka mwili uwatie alama kwanza, wanapita tu. Bandama ndipo mahali ambapo alama hizo hutengenezwa haraka, na hata bakteria ambaye hajatiwa alama ya kutosha bado anaweza kunaswa humo. Wenye utando huo walio hatari zaidi kwetu ni watatu. Wa kwanza ni nimokokasi, anayeleta nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya damu. Wa pili ni meningokokasi, anayeleta ile homa ya uti wa mgongo inayozuka kwa milipuko. Wa tatu ni himofilasi aina ya b, ambaye kwenye kadi ya kliniki ya mtoto anaandikwa Hib.

Mtu mwenye bandama zima akiingiwa na nimokokasi anaweza kuugua sana, lakini mwili unapata muda wa kupigana. Asiye na bandama hapati muda huo. Bakteria wanazaana ndani ya damu bila kizuizi, na yaliyoanza kama mafua na uchovu yanageuka kuwa mshtuko wa mwili mzima ndani ya saa 24 au 48. Katika ripoti nyingi, takriban nusu ya wanaofikia hali hiyo hufariki, hata hospitalini, hata kwenye dripu.

Jambo hili halikujulikana zamani. Kwa karne nyingi madaktari waliliona bandama kama kiungo cha ziada, kikisumbua kinatupwa. Mwaka 1919 watafiti wawili wa Marekani, Morris na Bullock, waliwatoa panya bandama na kuonyesha kwamba panya hao walishindwa kuhimili maambukizi. Wakaandika onyo, na onyo likakaa kwenye makabati. Ikapita zaidi ya miaka 30. Ndipo mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wa Indianapolis walipoeleza habari za watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu, kisha wakapatwa na maambukizi makali, na wapo waliofariki. Kuanzia hapo tiba ikaanza kusikiliza.

Lakini msikilizaji, katika nchi zetu hizi kisu cha daktari wala si sababu kubwa ya watu kukosa bandama. Sababu kubwa ni sikoseli, au selimundu. Tanzania peke yake inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Kenya wapo, hasa ukanda wa ziwa na pwani. Uganda wapo, Kongo ndiyo usiseme. Ndugu zetu waliopo Oman nao wanaufahamu vizuri, maana damu haijui mipaka ya pasipoti.

Kwa mtoto mwenye sikoseli, chembe nyekundu hupinda zinapokosa oksijeni. Na ndani ya bandama, kule kwenye vijia vyembamba ambako damu inakwenda taratibu, oksijeni ni kidogo. Kwa hiyo chembe zinapinda humohumo, zinaziba njia, na nyama ya bandama inakufa kidogo kidogo, kovu juu ya kovu. Kazi ya bandama huanza kupungua mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka mmoja, wakati mwingine akiwa na miezi sita tu. Akifika miaka mitano, kwa wengi limebaki kipande kidogo kisicho na faida. Hakuna aliyempasua, hakuna mshono, wala hakuna karatasi ya ruhusa. Mtoto anacheza, anacheka, anakula ugali wake, na hana bandama.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wahudumu wa afya. Baadhi ya watoto wetu wenye sikoseli wana bandama kubwa, linaloonekana hata kwa macho, kwa sababu malaria nayo hulivimbisha. Mtu akiligusa anasema, huyu anachoka tu, bandama analo tena kubwa. Ukubwa si kazi. Bandama linaweza kujaa ubavu mzima na likawa halichuji kitu. Ushahidi uko kwenye damu. Fundi wa maabara akipaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi na kuliweka chini ya hadubini, ataona ndani ya baadhi ya chembe nyekundu kuna kidoti cheusi cha duara, kimekaa peke yake. Kidoti hicho ni mabaki ya kiini cha chembe, na bandama linalofanya kazi lingekiondoa kabla chembe haijaendelea na safari. Vikionekana vidoti hivyo, mkaguzi hayupo kazini. Ni kipimo cha bei nafuu, kinahitaji kioo, rangi na jicho la mtu aliyefundishwa, na natamani kiandikwe na kusomwa mara nyingi zaidi ya inavyofanyika.

Na kwa kuwa nimetaja bandama kubwa, niseme na hili. Katika vijiji vyetu mtoto akivimba upande wa kushoto, bado wapo wanaomchanja chale kwa wembe juu ya bandama na kumpaka dawa. Nawaheshimu wazee wetu, na najua wanafanya kwa mapenzi. Lakini mtoto ambaye bandama lake halifanyi kazi, kumfungulia ngozi kwa wembe ni kuwafungulia mlango bakteria haohao tunaowakimbia. Mama, bibi, nawaomba, wembe uwekwe chini. Tumieni vidole badala yake.

Vidole vina kazi yake, na kazi hiyo ina historia. Kule Jamaika, daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama wa watoto wenye sikoseli kupapasa bandama nyumbani. Mtoto analazwa chali, ametulia, magoti yamekunjwa kidogo. Mama anaanzia chini ya tumbo, upande wa kushoto, anapandisha vidole taratibu kuelekea mbavu, akingoja mtoto avute pumzi. Kama bandama limevimba, ukingo wake unagonga ncha za vidole. Anapima umbali kutoka kwenye mbavu kwa upana wa vidole vyake, anaukumbuka. Siku mtoto anapochoka ghafla na kupauka viganja, anapapasa tena. Likiwa limeshuka zaidi, damu imekwama humo, na hapo ni kukimbia hospitali bila kungoja kuche. Mafunzo haya yalipunguza sana vifo vya watoto kule. Akina mama wetu hawana vidole pungufu.

Sasa tuingie kwenye chanjo zenyewe, na nianzie Kilifi. Kwa karibu miaka kumi, kuanzia 1998 hadi 2008, watafiti pale walichunguza damu za watoto waliolazwa hospitalini, zaidi ya mara 38,000 za kulazwa. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Watoto wenye sikoseli walikuwa na uwezekano wa kupata bakteria kwenye damu mara 26 hivi kuliko watoto wengine. Na bakteria aliyeongoza alikuwa nimokokasi. Kabla ya hapo kulikuwa na mjadala: wapo waliosema labda watoto wa Afrika wenye sikoseli wanauawa na vijidudu vingine, kwa hiyo chanjo zinazotumika Ulaya na Marekani hazitawafaa. Kilifi ikaufunga mjadala huo. Adui ni yuleyule.

Chanjo dhidi ya nimokokasi kwa watoto wachanga zilikuwa zinakuja. Rwanda ilitangulia mwaka 2009. Kenya ikaanza 2011. Tanzania ikazindua ya kwake Desemba 2012, Dar es Salaam. Hiyo ndiyo PCV, chanjo ya nimonia mnayoisikia kliniki, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hib nayo imo ndani ya ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, iliyoingia Kenya mwaka 2001 na Tanzania 2009. Mama aliyekamilisha kadi ya kliniki amefanya kazi kubwa, na mtoto wake mwenye sikoseli ana ulinzi ambao watoto waliozaliwa kabla yake hawakuupata. Hilo nalisema kwa furaha.

Ila kwa mtoto asiye na bandama, kadi hiyo haijamaliza. Nimokokasi ana aina zaidi ya 90. PCV13, kama jina lake lilivyo, inafundisha mwili kuzitambua 13. Kwa hiyo mtoto akitimiza miaka miwili anahitaji chanjo nyingine, inayojulikana kama PPSV23, yenye aina 23. Iwe imepita miezi miwili tangu PCV ya mwisho, kisha irudiwe baada ya miaka mitano. Kwa nini kungoja miaka miwili? Kwa sababu chanjo hii imetengenezwa kwa sukari ya utando wa bakteria ikiwa peke yake, na mwili wa mtoto mdogo haujifunzi kutokana na sukari tupu. Kwenye PCV sukari hiyo imeunganishwa na protini, ndiyo maana hata mtoto wa wiki sita anajifunza. Siku hizi imetoka pia PCV20, na palipo na hiyo daktari anaweza kukuambia ile ya 23 haina haja tena.

Halafu kuna chanjo ya meningokokasi, ile ya makundi manne, A, C, W na Y. Asiye na bandama hupewa dozi mbili zikiachana wiki nane, halafu hurudia kila baada ya miaka mitano. Kuna ya kundi B pia, kwa nchi zinazoitumia. Na kuna chanjo ya mafua makali, kila mwaka. Watu huishangaa hii, wanauliza mafua yanahusiana nini na bandama. Virusi vya mafua hukwangua njia ya hewa, na nimokokasi aliyekuwa amejikalia kimya puani na kooni anapata upenyo. Mafua yanatangulia, nimonia inafuata.

Nikitaja chanjo ya meningokokasi, naulizwa: tutaipata wapi, mbona kliniki ya mtoto haipo? Mahujaji wanaijua. Anayekwenda Makka lazima awe amechanjwa chanjo hiyohiyo ya makundi manne, angalau siku kumi kabla ya kufika Saudia, na cheti anacho mkononi. Kila msimu wa Hija watu wa Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam wanajipanga foleni kuipata. Kwa hiyo kuna watu wanaojua inaagizwa vipi, inahifadhiwa vipi na inachomwa wapi. Ulizeni pale wanapochanjwa wasafiri. Na kwa walio Wizarani wanaonisikiliza: kama tunaweza kuiandaa kila mwaka kwa ajili ya safari ya ibada, tunaweza kuitenga kwa ajili ya watoto wa kliniki ya sikoseli, ambao hatari yao ni ya kila siku.

Tumrudie yule kijana wa bodaboda. Lini achanjwe? Kama upasuaji ulipangwa, labda bandama linatolewa kwa sababu linameza damu au kwa ugonjwa mwingine, chanjo zitangulie angalau siku 14 kabla ya kisu, ili mwili ujifunze bandama likiwa bado lipo. Kama ilikuwa ajali, inafaa kungoja mpaka siku ya 14 baada ya upasuaji, kwa sababu mwili uliojeruhiwa hujifunza vibaya. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini vitabu hivyohivyo vinaongeza kwamba kama kuna wasiwasi kuwa mgonjwa hatarudi, achanjwe kabla hajaruhusiwa.

Na mimi nasema kwetu wasiwasi huo upo kwa karibu kila mgonjwa. Huyu ametoka Kilosa au Kitui. Nauli ya kurudi ni mtihani. Pikipiki ilikuwa ya mkopo na tajiri wake anaidai. Akipona, anawaza marejesho, hawazi bandama. Ukimwambia rudi baada ya wiki mbili tukuchome sindano, wakati yeye hajisikii kuumwa popote, umemuaga. Achanjwe akiwa bado kitandani, mikono yote miwili ikibidi. Kinga aliyoipata siku ya nane, hata kama si kamili, ni bora kuliko kinga kamili aliyoahidiwa na hakuifuata. Nyingine ataongezewa akirudi. Madaktari wa upasuaji wanaonisikiliza, ninyi ndio watu pekee mnaojua kwa hakika siku, saa na dakika ambayo mtu huyu alipoteza bandama lake. Hakuna mwingine atakayekumbuka kwa niaba yenu. Na nawapongeza wale wanaojitahidi siku hizi kuliokoa bandama lililochanika pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, wakimwangalia kwa saa nyingi badala ya kukimbilia kulitoa.

Kuna hofu nimeisikia mara nyingi kutoka kwa wazazi: mtoto huyu kinga yake dhaifu, je, chanjo haitamletea ugonjwa wenyewe? Hapana. PCV, PPSV23, Hib na ile ya meningokokasi hazina kijidudu hai hata kimoja. Ni vipande vya utando wake, haviwezi kuota wala kuzaana. Hata chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama surua na homa ya manjano, asiye na bandama anaweza kupewa, ilimradi hana sababu nyingine inayozuia, kwa mfano dawa kali za kushusha kinga. Hapo amuulize daktari wake.

Chanjo nazo hazizibi kila tundu, kwa maana hakuna yenye aina zote za nimokokasi. Ndiyo maana penisilini inabaki. Mwaka 1986 daktari Marilyn Gaston wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa watoto wadogo 215 wenye sikoseli. Nusu walipewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lisilo na dawa watoto 13 walipata maambukizi ya damu na 3 wakafariki. Katika kundi la penisilini walipata wawili, hakufa hata mmoja. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine dawa. Dawa yenyewe ni penisilini, dawa ya zamani, ya bei ndogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, na wa miaka mitatu hadi mitano miligramu 250. Mama anayepanda kitandani amechoka, halafu anakumbuka kile kidonge cha jioni na kuinuka tena, huyo anafanya kazi ya daktari.

Na homa, msikilizaji. Hapa ndipo nataka sauti yangu isikike mpaka jikoni. Kwa mtu asiye na bandama, joto likifika 38 hakuna kusema tungoje tuone. Ni hospitali, saa hiyohiyo, hata kama amechanjwa chanjo zote. Kama daktari alimpa dawa ya akiba ya kuanza nyumbani, aimeze na aanze safari. Tatizo letu ni kwamba homa kwetu ina jina moja. Mtu anapimwa malaria, kipimo kinatoka hakuna kitu, anapewa dawa ya kushusha homa na kurudishwa nyumbani. Au kipimo kinatoka na malaria, kila mtu anaridhika, na bakteria aliyeko kwenye damu hiyohiyo hatafutwi. Malaria na bakteria wanaweza kukaa pamoja katika mwili mmoja. Na malaria yenyewe ni hatari zaidi kwa asiye na bandama, kwa hiyo chandarua ni cha kila usiku, na dawa ya kinga ya malaria aliyoandikiwa asiiache. Akiumwa na mbwa pia aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa nyumbani na ana chanjo ya kichaa. Mdomoni mwa mbwa kuna bakteria ambaye kwa sisi wengine hana kishindo, kwa huyu anaua.

Akifika hospitali, sentensi ya kwanza anayoisema yeye au aliyemleta iwe hii: huyu hana bandama. Isemwe kwanza, kabla ya kueleza amekula nini na homa ilianza lini. Nesi akiisikia atajua huyu haketi kwenye benchi. Na iandikwe kwenye kikaratasi, kwa Kiswahili cha kusomeka: sina bandama, nikiwa na homa nipewe antibiotiki haraka, chanjo zangu ni hizi na tarehe zake ni hizi. Kikae nyuma ya kitambulisho, au kipigwe picha kwenye simu ya mtu na ya mwenzake. Kikaratasi hicho hakihitaji mradi wala mfadhili. Hospitali inaweza kukichapa leo.

Kwa upande wa fedha, najua chanjo hizi za ziada si rahisi, na kwa familia nyingi PPSV23 na ile ya makundi manne zikiwa za kulipia mfukoni ni sawa na kutokuwepo. Watoto wenye sikoseli wanahesabika, kliniki zao zinajulikana, majina yao yako kwenye madaftari. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa hawa kwa mpangilio tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani na ikaifanya Tanzania isikike duniani. Hatuna kisingizio cha kutojua ni akina nani. Chanjo hizo ziingizwe kwenye huduma ya kliniki hizo bila malipo, na bima ya afya ihesabu chanjo kama sehemu ya upasuaji wa kutoa bandama, katika gharama ileile ya nyuzi na dawa ya usingizi.

Nimalize na swali ambalo najua baadhi yenu mnalo sasa hivi. Mtu anasema: mimi nilitolewa bandama miaka 15 iliyopita, sikuchanjwa, na niko mzima. Je, nimepita hatari? Hujapita. Hatari ni kubwa zaidi miaka michache ya mwanzo, lakini haiishi. Wapo walioshambuliwa baada ya miaka 20 na zaidi. Na hujachelewa. Anza na PCV dozi moja, Hib dozi moja kama hukuwahi kuipata, na ile ya makundi manne dozi ya kwanza. Zinaweza kuchomwa siku moja. Baada ya wiki nane rudi kwa PPSV23 na dozi ya pili ya makundi manne. Uliza kuhusu ya mafua. Kama huna hakika upasuaji wako ulitoa nini, na una kovu refu katikati ya tumbo, rudi hospitali ile ukaombe faili lako, au upigwe utrasaundi upande wa kushoto. Ni kipimo cha dakika chache, na majibu utapewa siku hiyohiyo.